Baiskeli Yapata Injini

Kabla bodaboda hazijajaa kata ya Mahege, mkoani Pwani, nazi, mkaa na korosho vilibebwa kwa baiskeli: Raleigh, Phoenix, au Swala iliyoundwa hapahapa Tanzania. Fremu ya chuma kizito, keria pana, breki za fito badala ya waya.

Fremu ya namna hiyo inamudu injini ndogo. Injini ya mipigo miwili, mara nyingi chini ya cc 80, hufungwa ndani ya pembetatu ya fremu, na tangi hukaa kwenye bomba la juu. Upande wa kushoto, mnyororo wa pili huzungusha spoketi kubwa iliyobanwa kwenye spoki za nyuma kwa vipande vya raba na bolti tisa. Zikilegea, spoki hukatika. Petroli huchanganywa na oili. Pedali hubaki, maana ndizo za kuwashia.

Japani ilianza hivyohivyo. Mwaka 1946, mjini Hamamatsu, Soichiro Honda alifunga kwenye baiskeli injini za jenereta za redio za jeshi zilizobaki baada ya vita. Seti yake ya Cub F ya 1952, yenye tangi jeupe na injini nyekundu, iliuzwa kwenye maduka ya baiskeli.

Kasoro kubwa ya baiskeli hizi za injini ni breki. Zilibuniwa kwa mwendo wa miguu, na masika, rimu ikilowa, hushika kwa shida.