Faro: Uchangaji wa Karata Uliokuzwa na Kalamu

Wafanya mazingaombwe wengi hushikilia imani kongwe kwamba siri ikishaandikwa imekufa. Historia ya uchangaji wa karata uitwao faro inaonyesha kinyume chake. Mtu wa kawaida akichanga karata anataka zivurugike, asijue yeye wala mwenzake ipi iko wapi. Anayechanga faro anataka kila karata iende anakokujua yeye. Hukata pakiti ya karata 52 katikati barabara, 26 huku na 26 kule, kisha huingiza mafungu hayo mawili moja ndani ya jingine, ya kushoto, ya kulia, ya kushoto, ya kulia, kama meno ya zipu, bila hata karata mbili za fungu moja kubaki zimeshikana. Mtazamaji ameona karata zikichangwa mbele ya macho yake na ameridhika. Kumbe hakuna kilichovurugika. Ustadi huu uliishi muda mrefu gizani, mikononi mwa wacheza kamari, bila kupiga hatua yoyote kubwa. Ulikua pale tu watu walipoanza kuuandika, kuupa majina na kuupigia hesabu hadharani.

Jina lake limetokana na mchezo wa kamari uliopendwa Ufaransa katika karne ya 17 na ya 18, ukavuka bahari na kuwa kamari kuu ya Marekani katika karne ya 19, hasa katika miji ya magharibi. Mchezo wenyewe ulikuwa mwepesi. Mezani palichorwa picha za karata 13, na kila mchezaji aliweka fedha zake juu ya karata aliyoitegemea. Mgawaji alitoa karata mbili kwa zamu: ya kwanza ilikuwa ya hasara kwa walioiwekea, ya pili ya ushindi. Lakini zikitoka mbili za thamani moja, tuseme saba na saba, mwenye meza alichukua nusu ya fedha zilizowekwa juu ya saba. Hapo ndipo uchangaji huu ulipopata kazi. Kwa kuwa mchezo uliacha mafungu mawili mezani, mgawaji mjanja aliyakusanya kwa namna ambayo saba ya fungu hili ilikuwa kimo kimoja na saba ya fungu lile. Akiyaingiza moja ndani ya jingine, saba hizo zilikutana, na faida ikaongezeka bila mtu kuona mkono ukifanya kitu cha ajabu. Mwaka 1894 mwanamazingaombwe wa London, John Nevil Maskelyne, alichapisha kitabu *Sharps and Flats* kufichua hila za wacheza kamari, na humo akaeleza uchangaji wa wagawaji wa faro.

Mtu anaweza kusema kwamba sifa zote basi ni za hao wagawaji, kwa kuwa mikono iliyouweza mwanzo ilikuwa yao. Ni kweli, na asiyekiri hilo anawadhulumu. Ila tazama waliufanyia nini. Waliutumia kukutanisha jozi, na baada ya hapo kukutanisha jozi tena. Hila ya kamari haihitaji kukua, inahitaji kulipa, kama anavyojua yeyote aliyewaona watu wa karata tatu kwenye vituo vya mabasi: mchezo ni uleule kila siku kwa sababu fedha zinaingia kila siku. Inawezekana kabisa kwamba mgawaji mmoja au wawili waligundua zaidi ya hapo. Lakini ujuzi ambao mwenyewe hawezi kuutamka bila kuhatarisha kibarua chake, au maisha yake, hauna mrithi.

Wenye mazingaombwe walikuwa na sababu ya kuandikiana, maana hawakuwa wakiibiana mezani. Mwaka 1919 Charles Jordan wa California aliutumia uchangaji huu katika *Thirty Card Mysteries*. Hatua kubwa ilikuja mwaka 1957, katika jarida dogo la wanamazingaombwe wa Uingereza, *Pentagram*. Alex Elmsley, aliyefanya kazi ya kompyuta, alitofautisha namna mbili za faro. Karata ya juu ikibaki juu, huo ni uchangaji wa nje. Ikishuka kuwa ya pili, ni wa ndani. Tofauti hiyo ndogo ilifungua mlango. Tuseme unataka karata ya juu kabisa ishuke hadi iwe na karata 10 juu yake. Andika 10 kama kompyuta inavyoiandika, kwa 1 na 0 peke yake: 1010. Soma kutoka kushoto, 1 ikiwa ndani na 0 ikiwa nje. Changa ndani, karata yako ina moja juu yake, nje, zinakuwa mbili, ndani tena, tano, nje, kumi. Hakuna mkono, hata uwe mwepesi namna gani, ambao ungelipata jambo hili kwa mazoezi matupu. Mwaka uliofuata Ed Marlo wa Chicago alitoa kitabu kizima, *The Faro Shuffle*, na faro ikawa mali ya fani nzima.

Ajabu nyingine iliyozoeleka sasa ni kwamba chango nane za nje, zote zikiwa kamilifu, huirudisha pakiti ya karata 52 katika mpangilio wake wa mwanzo. Ukitaka kuona kwa nini, ifuate karata ya pili kutoka juu. Mwanzoni ina karata moja juu yake. Kila uchango huzidisha idadi hiyo kwa mbili, na ikipita 51 unatoa 51: moja, 2, 4, 8, 16, 32, 13, 26, na mara ya nane imerudi moja. Zilizobaki nazo hurudi vivyo hivyo. Chango za ndani zina njia yake: ya 26 huipindua pakiti nzima, ya kwanza ikawa ya mwisho, na mpaka irudi ilivyokuwa unahitaji 52.

Hoja nzito zaidi dhidi ya kalamu ni kwamba sasa yeyote amesoma hesabu hii, basi mazingaombwe yameisha utamu. Anayesema hivyo hajajaribu kuchanga. Kujua kwamba chango ni nane hakukupi hata mmoja. Kwanza macho na kidole gumba lazima vikate 26 kwa 26 bila kuhesabu, maana karata moja tu ikizidi upande mmoja, hesabu imeharibika. Kisha kingo za mafungu zinasawazishwa hadi ziwe kama ukuta, pembe zinagusanishwa kwa mshazari mdogo, na vidole vinakandamiza kwa kiasi: nguvu ikizidi karata zinaingia mbilimbili, ikipungua haziingii. Hata kiwanda kina neno lake. Kisu kinachokata karata huacha ukingo umelalia upande mmoja, hivyo pakiti mpya huingiliana kirahisi ikianziwa chini na hukataa ikianziwa juu, au kinyume chake, na mchangaji lazima aijue ya kwake. Kitabu kinamwambia mwanafunzi alipokosea. Kazi ya kurudia hadi vidole vizoee hakimfanyii. Isitoshe, mtazamaji ukumbini haoni hesabu. Anaona pakiti iliyochangwa tena na tena, kisha ree zote nne zinatoka mfululizo.

Kwa kuwa jambo lilikuwa limeandikwa, liliwafikia watu ambao wacheza kamari wasingewaza kuwakaribisha. Mwaka 1961 mwanahisabati Solomon Golomb alichapisha utafiti juu ya mipangilio inayopatikana kwa kukata na kuchanga. Mwaka 1971 mtaalamu wa kompyuta Harold Stone alionyesha jinsi mpangilio wa faro unavyoweza kuunganisha vichakataji vya kompyuta vinavyofanya kazi kwa pamoja. Persi Diaconis, aliyeondoka nyumbani New York akiwa na miaka 14 kumfuata bingwa wa karata Dai Vernon, aligeuka profesa wa hisabati, na mwaka 1983 yeye na wanahisabati wenzake Ronald Graham na William Kantor walitoa maelezo mapana ya hisabati ya chango kamilifu. Elmsley alikuwa amejiuliza pia swali la kinyume: ukitaka kuipandisha karata iliyo popote mpaka juu, uchange vipi? Swali hili ni gumu kuliko lile la kuishusha. Alifariki mwaka 2006, na mwaka 2007 Diaconis na Graham wakachapisha njia ya kulijibu, wakiliita kwa jina lake.