Kutoka Badia ya Banu Saad hadi Buguruni: Tarikh ya Kumlea Mtoto Uwanjani

Sifa zote njema anastahiki Allah Mtukufu, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aliyekuwa yatima akalelewa badia, na Aali zake na Masahaba zake wote. Amma baad.

Tumefikiwa na swali kutoka Buguruni, jijini Dar es Salaam. Waumini wa msikiti mmoja wa huko wana uwanja mdogo ubavuni mwa msikiti, wenye mwembe mmoja, uliowekwa wakfu na mzee aliyekwisha kutangulia mbele ya haki ili watoto wa mtaa wapate pa kusomea. Kwa miaka mingi watoto wa umri wa miaka mitatu hadi sita wamekuwa wakiketi mkekani chini ya mwembe huo, wakisoma kidogo na kucheza sana. Sasa baadhi ya wajumbe wa kamati wanataka mti ukatwe, zijengwe fremu za maduka zipangishwe, na watoto wahamishiwe katika chumba kimoja cha nyuma. Hoja zao ni mbili. Ya kwanza, msikiti unahitaji mapato. Ya pili, kucheza chini ya mti si elimu, bali ni mtindo wa Wazungu ulioingizwa katika madrasa zetu.

Hoja ya kwanza ina jawabu lake kwa mafakihi, nasi tutaifikia. Ama hoja ya pili ni ya tarikh, na ndiyo iliyotufanya tushike kalamu, kwa sababu aliyeitoa hakuwa mtu wa mtaani tu, bali ni ustadh anayesomesha.

Mtoto wa Makka na hewa ya badia

Maquraishi walikuwa na ada ya kuwatoa watoto wao wachanga mjini na kuwapeleka kwa wanyonyeshaji wa makabila ya badia. Wanazuoni wa sira wametaja sababu zake: hewa safi, mwili kupata nguvu, na ulimi kunyooka katika Kiarabu fasaha kisichochanganyika na lugha za wapita njia. Makka ilikuwa mji wa biashara na mahujaji, mji wa msongamano uliobanwa na majabali, na kila msafara ulikuja na bidhaa zake na maradhi yake.

Mtume (s.a.w.) alinyonyeshwa kwanza na Thuwaiba, kijakazi wa Abu Lahab, kama ilivyothibiti katika Sahihi Bukhari. Kisha akachukuliwa na Bibi Halima wa Banu Saad. Ibn Ishaq, ambaye sira yake imetufikia kwa njia ya Ibn Hisham (aliyefariki mwaka 218 Hijria, sawa na 833), ameeleza kisa hicho kwa urefu: mwaka wa ukame, punda dhaifu anayechelewesha msafara, ngamia asiye na tone la maziwa, na wanawake wanaomkwepa mtoto yatima kwa kuwa malipo hutarajiwa kwa baba. Tusipite hapo haraka. Wanawake wale walikuja Makka kutafuta ujira, na sharia haikuuona ujira huo kuwa aibu, kwani Qur'ani katika Suratut-Talaaq inaamrisha mnyonyeshaji apewe malipo yake. Wale wanaodhani kwamba anayewatazama watoto wa watu kutwa nzima atosheke na dua, na warejee aya hiyo.

Mtoto alipotimiza miaka miwili Halima alimrudisha kwa mama yake, Bibi Amina, kisha akamuomba amwachie tena. Katika riwaya hiyo ya Ibn Ishaq hoja aliyoitoa Halima ni kwamba anamhofia mtoto maradhi ya kuambukiza yaliyokuwa Makka. Yaani mjadala wa mji na afya ya mtoto, ambao leo tunadhani umeanzia katika semina za mahoteli, ulikwisha kusemwa na mwanamke wa Kibedui kabla ya kuja kwa Utume. Na mama mwenye akili, ambaye hakuwa na mtoto mwingine, akakubali.

Huko badia alikuwa akifanya nini? Imam Muslim amepokea kwa Anas bin Malik (r.a.) kwamba Jibril (a.s.) alimjia Mtume (s.a.w.) naye akiwa anacheza na watoto wenzake, akamlaza, akampasua kifua na kuuosha moyo wake kwa maji ya Zamzam. Katika sira ya Ibn Ishaq, alikuwa nyuma ya mahema pamoja na ndugu yake wa kunyonya, wakiwa na wanakondoo. Wasomaji wengi huukumbuka muujiza na husahau mahali ulipotokea. Haukutokea chumbani, na waliokimbia kumpa habari mlezi wake ni watoto aliokuwa akicheza nao. Alipokua kidogo alichunga kondoo wa watu wa Makka kwa ujira mdogo, naye ametueleza katika hadithi ya Bukhari kwamba hakuna Nabii ila alichunga.

Atasema msemaji: hiyo ni ada ya Waarabu wa zama za ujahili, si sunna ya kufuatwa. Tunasema ni kweli, wala hatudai kwamba kumpeleka mtoto badia ni ibada. Lakini ada ambayo Allah alimchagulia Mtume wake, na ambayo Uislamu haukuikataza, haiwezi kuitwa upuuzi wala haiwezi kuitwa ya Wazungu. Hukumu yake kwa asili ni uhalali, na hupanda daraja kwa kadiri ya maslaha yaliyomo.

Na baada ya Utume jambo hilo halikubadilika. Katika Suratu Yusuf ndugu zake walimuomba baba yao amruhusu mtoto atoke nao akajifurahishe na kucheza. Nabii Yaaqub (a.s.) alichokihofia ni mbwa mwitu na kughafilika kwao, wala hakukemea mchezo wenyewe. Kuna hadithi ya Abu Umair, mdogo wake Anas, aliyekuwa na kindege cha kuchezea, na Mtume (s.a.w.) akawa anamtania kwa kumuuliza habari za kindege chake. Anas mwenyewe, katika Sahihi Muslim, anasimulia kwamba alitumwa na Mtume akakuta watoto wanacheza sokoni akasimama, mpaka Mtume akaja kumshika shingo kwa nyuma huku anacheka. Mpaka wa mchezo nao ukawekwa: jioni giza linapoingia watoto wazuiwe kutoka, kwa hadithi ya Jabir (r.a.) iliyo katika Sahihi mbili.

Hapa tutanabahishe jambo. Maneno ya kuamrisha watoto wafundishwe kuogelea, kurusha mishale na kupanda farasi husikika sana mimbarini yakinasibishwa kwa Mtume (s.a.w.). Mashuhuri ni kwamba ni maneno ya Sayyidna Umar (r.a.), na riwaya zinazoyapandisha kwa Mtume zina udhaifu. Makhatibu walichunge hilo.

Walimu wa kale

Uislamu ulipoenea, zikaanzishwa kuttab, yaani vyuo vya watoto. Kitabu cha kale mno tulicho nacho kuhusu adabu za walimu hao ni cha Muhammad bin Sahnun wa Qairawan, aliyefariki mwaka 256 Hijria. Humo amenakili kwamba Imam Malik aliulizwa kuhusu kuwasomesha watoto msikitini, naye hakuona kuwa inafaa, kwa sababu hawajichungi na najisi. Katika madhehebu yetu ya Shafii, Imam Nawawi (aliyefariki 676 Hijria, sawa na 1277) amesema katika Majmuu kwamba kumwingiza msikitini mtoto asiyepambanua ni makuruhu wala si haramu, na dalili ya kutokuwa haramu ni kwamba Mtume (s.a.w.) alisali huku amembeba mjukuu wake Umama. Basi watoto wa umri huu wakaenda wapi? Walienda pembeni ya msikiti, barazani, uani, kivulini. Uwanja wa watoto ni ngao ya msikiti, na mwenye kuuondoa atawakuta watoto haohao katika safu zake.

Imam Ghazali (aliyefariki 505 Hijria, sawa na 1111) katika Ihya, kwenye kitabu cha kuizoesha nafsi, anataka mtoto aruhusiwe kucheza mchezo mzuri baada ya kutoka chuoni, na azoeshwe kutembea na kujinyoosha mchana ili uvivu usimtawale. Anaonya kwamba kumnyima mchezo na kumlemea kwa masomo daima kunaua moyo wake, kunazima akili yake, na mwisho atatafuta hila za kulitoroka somo lenyewe. Kila maalim wa Buguruni anamjua mtoto wa aina hiyo. Ibn Khaldun naye ameandika juu ya madhara ya ukali kwa wanafunzi, lakini hilo ni somo jingine.

Pwani yetu

Vyuo vya pwani ya Uswahilini vilirithi mwendo huohuo: mkeka, ubao, wino unaofutwa kwa maji, na mahali pa kupatia upepo. Mtoro bin Mwinyi Bakari, katika Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichochapwa Ujerumani mwaka 1903 kwa kazi ya Carl Velten, ameeleza habari za malezi, chuo na michezo ya watoto kama mambo ya maisha mamoja.

Buguruni yenyewe ilikuwa kijiji cha Wazaramo nje ya mji, chenye minazi yake. Mji ndio uliokifuata. Anayetoka Mnazi Mmoja akishika Barabara ya Uhuru hupita Kariakoo, iliyopata jina lake kwa wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza, kisha Ilala, ndipo afike Buguruni. Na ni ajabu ya tarikh kwamba uwanja wa Mnazi Mmoja ulioachwa wazi na wakoloni ili kuitenga Kariakoo ya Waafrika na mitaa ya Wahindi, ndio uliokuja kuwa mahali pa watoto wa Kariakoo kupumua siku za Idi. Buguruni haikuachiwa hata hicho. Nyumba zimeshikana, na nafasi iliyobaki baina ya ukuta na ukuta ni ya mfereji.

Katika zama zetu, mwanzoni mwa miaka ya 1980, viongozi wa Kiislamu wa pwani ya Kenya walimwendea Aga Khan wakilalamikia vijana wao kubaki nyuma katika masomo. Ikaonekana tatizo linaanzia utotoni. Kwa msaada wa Aga Khan Foundation, Bi Swafiya Said wa Mombasa akasimamia mpango wa shule za awali zinazounganisha Qur'ani na mafunzo mengine. Ya kwanza ilianza Mombasa mwaka 1986, mpango ukafika Zanzibar mwaka 1990 na Kampala mwaka 1993, na baadaye shule zikapindukia 200 katika nchi hizo tatu. Walezi walikuwa wanawake wa mtaa huohuo. Vifaa vilikuwa vifuu, mbegu, makombe na ukili, na watoto walikuwa na wakati wa ndani na wakati wa nje.

Wapo walioupinga kwa sababu ya aliyeufadhili. Tofauti yetu na Ismailia katika itikadi ni kubwa wala hatuifichi. Lakini Mtume (s.a.w.) katika Hijra aliajiri mwongoza njia ambaye hakuwa Mwislamu, basi kuchukua ufundi wa kupanga vifuu kwa mtu tunayekhitilafiana naye ni jambo jepesi zaidi. Na kifuu chenyewe ni chetu.

Hukumu ya uwanja

Turudi kwa waulizaji. Imam Nawawi katika Raudha amesema haifai kuubadilisha wakfu na kuutoa katika umbo lake, nyumba isifanywe bustani wala hamamu, ila ikiwa mweka wakfu alimwachia msimamizi afanye analoliona lina maslaha. Imam Subki (aliyefariki 756 Hijria) ameruhusu mabadiliko madogo yasiyoondoa jina la kitu wala kuharibu asili yake, tena kwa maslaha ya wakfu wenyewe. Uwanja wa kusomea ukigeuzwa safu ya maduka jina limeondoka na asili imeondoka, na maslaha yamekwenda kwa msikiti ilhali wakfu ulikuwa wa watoto. Kwa hiyo haifai, isipokuwa ithibiti kwa maandishi au mashahidi waadilifu kwamba mzee yule aliacha ruhusa hiyo.

Pamoja na hayo, kamati isidhani imeshinda au imeshindwa kwa fatwa tu. Halima alihofia maradhi, na Buguruni inapakana na Bonde la Msimbazi, na kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam mwezi wa Agosti 2015 kilitufundisha maji machafu yanafanya nini. Uwanja wenye mfereji wazi na usio na choo si badia. Mfereji ufunikwe, uzio uwekwe upande wa barabara, maji ya kunawa yawepo, na mlezi alipwe. Wanaotaka mapato wanaweza kuwaomba waumini wachangie fremu katika ardhi nyingine, na wala hatuoni uzito wa kutundika sanduku la sadaka palepale mwembeni.

Wameuliza pia kuhusu maembe, kwani msimu ukifika huuzwa na pesa huingia mfuko wa msikiti. Matunda ya mti wa wakfu ni haki ya waliowekewa wakfu. Yakiuzwa, thamani yake itumike kwa mikeka na ujira wa mlezi, na watoto wakiyala wenyewe yamefika pahala pake. Wallaahu aalam.