Unahakiki ‘Adili na Nduguze’? Anza na ule mjeledi

Kwa mwanafunzi wa Tukuyu aliyepewa kazi mradi ya kuhakiki riwaya ya watoto, Adili na Nduguze ni chaguo zuri. Ni fupi, Kiswahili chake kimeshiba, na ndani yake kuna swali gumu.

Shida ni madesa. Uhakiki wa kuchota mtandaoni unajulikana mapema: dhamira ni wivu, ujumbe ni kwamba wema hauozi, basi. Mwalimu akikusanya madaftari 40 anajikuta anasahihisha insha ileile mara 40.

Riwaya hii ya Shaaban Robert (1909–1962), mzaliwa wa Vibambani, Tanga, ilichapishwa na Macmillan mwaka 1952. Kisa chake kina asili katika hadithi za Alfu Lela Ulela, ila majina, lugha na mafunzo ni ya Shaaban mwenyewe.

Adili anatawala Janibu kwa niaba ya Mfalme Rai wa Ughaibu. Mjumbe wa mfalme, Ikibali, anagundua siri yake: kila usiku Adili anawachapa manyani wawili mjeledi, kisha anawalisha na kuwabembeleza. Manyani hao ni ndugu zake wa damu, Hasidi na Mwivu. Walimtupa baharini kwa wivu, kisa Mwelekevu, binti aliyepatikana katika mji ambao watu wake waligeuka mawe. Jini Huria, ambaye Adili aliwahi kumwokoa, akalipa fadhila: akamtoa majini, akawageuza wale wawili manyani na kumwamuru Adili awachape kila usiku.

Hapo ndipo pa kuanzia uhakiki. Mtu anaitwa Adili, yaani mwenye haki, lakini kazi yake ya usiku ni kuchapa. Hapendi, anaogopa kukaidi amri. Je, anayetekeleza adhabu asiyoiamini bado ni mwadilifu? Na kilichowabadilisha wale ndugu ni nini hasa, mjeledi au chakula na maneno laini baada ya mjeledi? Madesa mengi yanalipita swali hili mbio.

Kwa mwanafunzi wa Tanzania swali lenyewe liko karibu. Kanuni za mwaka 2002 bado zinaruhusu viboko shuleni, visizidi vinne, kwa idhini ya mkuu wa shule. Oktoba 2016, video ya walimu wa mafunzo kwa vitendo wakimpiga mwanafunzi jijini Mbeya ilisambaa nchi nzima na kuzua hasira. Ukilinganisha hayo na chumba cha manyani, tayari una dhamira ambayo hujaikopi kwa mtu.

Ya pili ni urithi. Hasidi, Mwivu na Adili waligawana mali ya baba, na Adili akaja kuwabeba wenzake walipofilisika. Rungwe ina lake la kusema hapa. Monica Wilson na mumewe Godfrey, waliofanya utafiti kwa Wanyakyusa miaka ya 1930, waliandika kwamba ng’ombe wa marehemu walikwenda kwanza kwa ndugu yake, baadaye ndipo wawafikie watoto. Pia vijana walihama kwa wazazi na kujenga kijiji chao na marika. Kwa hiyo ndugu walifungwa na mali, ila majirani wa kila siku walikuwa marafiki wa rika moja. Muulize babu au bibi nyumbani jinsi mambo hayo yalivyokwenda kwenye ukoo wenu, uone wivu ulikuwa unaingilia wapi. Mahojiano mafupi ya aina hiyo yanaipa kazi mradi uzito, mradi usitaje majina ya watu wenye mgogoro.

Kwenye fani, usipoteze kurasa tatu kwa muundo. Majina ndiyo yenye utamu. Hasidi na Mwivu karibu ni neno moja, kama vile mwandishi hakutaka hata kuwatofautisha, na huo ni udhaifu unaoruhusiwa kuusema: wahusika wabaya hapa ni bapa kidogo. Huria naye ana jina la uhuru, lakini ndiye anayewafungia watu ndani ya ngozi za manyani. Hilo lichambue taratibu.

Msamiati utakukwamisha mahali. Shaaban anaandika Kiswahili cha pwani cha miaka zaidi ya 70 iliyopita, na nyumbani kwenu pengine mnaongea Kinyakyusa. Weka kamusi karibu, orodhesha maneno mapya kumi au kumi na matano mwishoni mwa kazi; walimu wanapenda hilo.

Kama shule haina nakala, pa kuulizia ni Maktaba ya Mkoa jijini Mbeya, kilomita 70 hivi kutoka Tukuyu. Ukinukuu, andika mwaka wa toleo pamoja na ukurasa, maana kitabu kimepigwa chapa mara kadhaa na kurasa hazilingani.