Kupiga hema pembeni ya ziwa Kivu: kwanza ujue mazuku

Wakati wa vakansi, watu wengi wanatafuta fasi ya kulala karibu na maji, upande wa Goma na Sake. Lakini fasi nzuri ya mchana inaweza kuua usiku.

Mazuku ni gazi kaboniki yenye kutoka chini ya udongo wa volkano. Haina rangi wala harufu. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inajikusanya ndani ya mashimo na mabonde madogo, zaidi usiku na asubuhi mbele ya jua kutoka, kama upepo haupo. Mchana upepo unaipunguza.

Mbele ya kutandika, uliza wakaaji wa pale: wanajua mashimo yenye mazuku. Ukiona panya, ndege ao wadudu wamekufa, ondoka. Chagua fasi ya juu yenye kupitisha upepo. Watoto wasichezee ndani ya mashimo. Wao ni wafupi, wanavuta hewa ya chini. Mtu akianguka humo, usishuke mbio kumuinua: wengi wanakufa wakienda kuokoa mwenzao. Ita watu kwanza.