Rafadha na mlalo wake

Kifaa kinachozunguka na kuisukuma ndege mbele, kamusi hukiita rafadha. Mitaani wengi husema pangaboi, jina lile lile la feni ya darini. Kipimo chake muhimu ni umbali ambao ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja, kama skrubu inavyozama ubaoni. Safu hii inapendekeza kukiita mlalo, kwa kuwa hutokana na jinsi panga lilivyolazwa.

Mlalo mdogo husaidia kupaa. Mkubwa hufaa kwa kasi ya safari.

Kanuni za Marekani za 2004 kuhusu ndege nyepesi za michezo ziliruhusu mlalo usiobadilika, au unaorekebishwa ndege ikiwa chini. Kwa mfano, injini ya Rotax 912 ULS ya ndege kama hizo hutoa nguvu zake zote kwenye mizunguko 5,800 kwa dakika. Mlalo ukizidi, injini haifiki huko, na rubani huhitaji njia ndefu zaidi ya kurukia.