Ukubwa wa Vifungashio: Kanuni za Nchi Mbalimbali na Maana Yake kwa Wakulima wa Ngara na Biharamulo

Maharage na mahindi ya wakulima wengi wa Wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, huuzwa kwa gunia. Hata hivyo, gunia si kipimo bali ni kifungashio. Kwa sababu hiyo, Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, na kanuni zake zinakataza gunia la mazao kuzidi kilo 100. Ufungashaji unaozidi kiwango hicho, maarufu kwa jina la lumbesa, ni kosa.

Hasara yake humwangukia mkulima. Kwa mfano, gunia linalolipiwa kilo 100 likishindiliwa hadi kufikia kilo 120, anayeuza magunia 10 hutoa kilo 200, sawa na magunia mawili kamili, bila malipo.

Nchi hazidhibiti vifungashio kwa namna moja. Nchini Kenya, kanuni za mwaka 2019 zinaweka kikomo cha kilo 50 kwa gunia la viazi mviringo. Umoja wa Ulaya, kupitia agizo lake la mwaka 2007, uliondoa ujazo wa lazima kwa bidhaa nyingi na kuubakiza kwa mvinyo na pombe kali. Chupa ya pombe kali ya mililita 700, iliyozoeleka Ulaya, haikuruhusiwa katika soko la Marekani hadi mwishoni mwa mwaka 2020. Ujazo uliozoeleka huko ni mililita 750.

Pamoja na tofauti hizo, kanuni hizo zinakutana katika jambo moja: kiasi kilichoandikwa kwenye kifungashio kiwe cha kweli. Mwongozo wa Shirika la Kimataifa la Vipimo vya Kisheria, OIML, unaweka upungufu unaovumilika kwa kifungashio cha kilo 1 kuwa gramu 15, na wastani wa shehena usipungue uzito ulioandikwa.

Kwa wakulima wanaouza mazao yanayovuka mipaka ya Rusumo kuelekea Rwanda na Kabanga kuelekea Burundi, pamoja na wanaouza kwa wafanyabiashara wanaopita Lusahunga na Nyakanazi, kinga ya uhakika ni mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo. Mkulima anashauriwa kupima kila gunia kabla ya kupatana bei, kukubaliana bei kwa kilo, na kutoa taarifa kwa Wakala anapolazimishwa kufungasha lumbesa.