Muvi Ilikuwa Inafika kwa Mdomo

Wasee, kabla intaneti iingie kwa simu zetu, muvi kubwa ilikuwa inafika Jamhuri kwa mdomo.

Enzi za mathe, walipanda matatu hadi tao kuangalia mabango ya Kenya Cinema pale Moi Avenue, ama 20th Century pale Mama Ngina. Za Kihindi zilikuwa Shan, Ngara. Titanic ya 1997 alihadithiwa na jirani hadi akalia, kabla aione.

Sisi tuliozaliwa baada ya 2000 tulikuwa na kibanda cha video, benchi za mbao na sauti ya DJ Afro akitafsiri kwa Kiswahili. Kama hukuwa na ten bob, ulingoja kesho shuleni uhadithiwe na mwenye aliingia. Commando nilihadithiwa hivyo. Kuja kuiona, nusu ya zile fujo hazikuwemo! Jamaa alikuwa ametunga.

Leo Shan ni Sarakasi Dome, na muvi naangalia peke yangu kitandani, nalala kabla iishe.

Watu huniuliza, niliacha chuo, sasa kutengeneza kontenti nilisomea wapi? Hapo tu, kwa yule boy.

Wewe ulihadithiwa muvi gani kabla uione?